Kilio Kilicho Chini ya Wimbo wa Momanyi

Nyinyi vijana mnaorekodi kwa kompyuta hamjui kazi ya kufuta. Mkikosea mnabonyeza kitu, kosa linaondoka, mnaendelea kutafuna karanga zenu. Sisi tulifuta kwa jasho. Mashine ilikuwa na kichwa chake cha kufutia, kipande cha chuma kidogo kama ukucha, nacho kilishika uchafu kila siku kwa sababu kanda zenyewe zilimwaga vumbi la kahawia. Ulichukua pamba, ukaichovya kwenye spiriti, ukasugua hadi pamba itoke nyeupe. Usiposugua, mashine ilifuta nusu nusu. Sauti ya zamani ilibaki chini ya sauti mpya, na usingeigundua mpaka wimbo unyamaze kidogo.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu. Yaliyofuata ni uongo, na huo nao nitawaeleza, ingawa naona haya hata mbele ya karatasi.

Nilifanya kazi miaka ishirini na saba katika chumba cha kurekodia mjini Kisii, nyuma ya duka la redio. Kuta tulizibandika trei za mayai na juu yake magunia, na mvua ikinyesha kwenye mabati tuliweka maikrofoni chini tukala ndizi za kuchemsha mpaka iishe. Kwetu hapa mnajua mvua hainyeshi kwa muda mfupi, kwa hiyo tulikula ndizi nyingi. Tulirekodi kwaya, harusi, hotuba za wanasiasa waliotaka kujisikia, na misiba. Mtu wa kwetu aliye ng'ambo akishindwa kuja kuzika, tulipeleka mashine nyumbani kwa wafiwa, tukarekodi mahubiri, nyimbo na kilio, na kanda ikatumwa kwake. Kama mnataka ujuzi wa bure, huu hapa: kwenye msiba usiweke maikrofoni mbele ya mhubiri, kwa sababu mhubiri atasikika hata ukiiacha nyumbani. Itundike karibu na akina mama, uivishe soksi ya sufu ya mtoto, upepo hautakusumbua.

Mwenye duka alikuwa Msabato kutoka Kiogoro. Tulimwita Mwalimu kwa kuwa aliwahi kushika chaki. Alikuwa na sheria moja ambayo niliidharau sana: kanda iliyowahi kutumika, ukishaifuta, uisikilize ikiwa tupu kutoka mwanzo mpaka mwisho kabla ya kurekodi tena. Nusu saa nzima mtu mzima amekaa na visikizio masikioni akisikiliza hakuna kitu. Nilikuwa nikisinzia. Wakati mwingine nilimdanganya kwamba nimesikiliza, naye aliniangalia tu juu ya miwani.

Mwaka wangu wa kwanza nilirekodi harusi nzima maikrofoni ikiwa haijachomekwa. Mahubiri, viapo, nyimbo, vigelegele, vyote havikuingia. Mwalimu hakunigombeza. Alinituma niende kwa maharusi siku ileile, kwa miguu yangu, niwaambie mwenyewe. Nilifika, nikawaambia. Bibi harusi alinuna kwa dakika mbili hivi, kisha bwana harusi akaanza kucheka, nikapewa chai na mkate na wakaniita Bubu mpaka leo. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua namna ya kukiri kosa. Nilijua, nilifundishwa, na nilikuwa nimeonja chai yake.

Sasa niwaeleze kuhusu Nyabuto. Huyu ndiye aliyetunga ule wimbo wa Momanyi, ambao nyinyi wenyewe mnaupiga kwenye sherehe na kuuchanganya na midundo yenu. Alikuwa mtu wa Ekerenyo, mkulima wa chai, na alipiga obokano, kile chombo chetu cha nyuzi nane chenye sauti nzito inayotetemesha benchi mliloketia. Siku aliyokuja studio alikuja na vijana watatu wenye magitaa ya umeme na ngoma za miguu. Nilicheka mbele yake. Nilimuuliza kama anataka kumwoza babu kwa msichana wa shule. Akaniambia nifunge mdomo nifungue mashine. Walipoanza, nyuzi za obokano zilikuja chini, magitaa yakapanda juu yake, na ngoma ikawa inakwenda kama mtu anayekimbia kupanda mlima. Sikucheka tena.

Wimbo ulimhusu kijana wa jirani yake, Momanyi, mkimbiaji wa mita elfu kumi aliyekuwa ameanza kutuletea medali. Ulieleza alivyokuwa akilipita lori la majani ya chai kwenye mteremko na kulipita tena kwenye mlima, na dereva akimpigia honi. Lakini uzuri wake haukuwa hapo. Wapiga obokano wa zamani wana desturi: wanapokaribia kumtaja mtu wanayemsifu, wananyamazisha nyuzi zote kwa kiganja. Kimya kabisa. Wasikilizaji wanazuia pumzi, kisha jina linatajwa na nyumba inalipuka. Nyabuto aliitunza desturi hiyo hata na magitaa ya umeme. Nilimshauri tujaze pale pengo kwa kinanda, nikijua watu wa redio hawapendi kimya.

"Hapo usiguse," akasema. "Hapo ndio jina inatokea."

Ilikuwa Ijumaa. Mpiga ngoma alikuwa amekosea mara nyingi na kanda mpya zilikuwa zimekwisha. Jua lilikuwa linateremka, na Mwalimu alikuwa mlangoni akichezea funguo, kwa sababu jua likizama sabato imeingia na duka lazima liwe limefungwa.

"Kijana, sabato haingojangi mtu," akaniambia.

Tulikuwa na rafu ya kanda za misiba ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Wengine walikosa nguvu ya kusikiliza kilio mara ya pili. Nilivuta moja, nikabandua karatasi ya jina bila kuisoma, nikaiweka kwenye mashine. Sikusugua kichwa cha kufutia. Sikuisikiliza ikiwa tupu. Nyabuto na vijana wake wakapiga mara moja tu, safi, na tukafunga mlango jua likiwa bado limebaki juu ya kilima. Nilijisifu njia nzima.

Jumapili nilipokuwa nikitoa nakala, nilivaa visikizio. Pale nyuzi zinaponyamaza, kabla ya jina, nilimsikia mwanamke akilia. Kwa mbali, chini kabisa, kilio cha msibani. Kisha Nyabuto akataja: Momanyi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena. Nilijua ni nini. Nikajiambia kwamba spika za sokoni ni mbovu, hazitaonyesha kitu kidogo kama hicho, nikaendelea kutoa nakala.

Nyinyi mliozaliwa na simu mkononi jaribuni kuelewa. Kwetu, mwanamke akilia kisha jina likatajwa, hiyo ndiyo habari ya kifo yenyewe. Hakuna anayeuliza zaidi. Siku ya soko Ekerenyo, mwenye duka la kanda akaweka spika zake mbili nje na kuufungulia wimbo sauti hadi mwisho. Mama yake Momanyi alikuwa hapo ameketi na mikungu yake ya ndizi. Spika hazikuwa mbovu kama nilivyotumaini. Mama yule alisikia kilio, akasikia jina la mwanawe, akaanguka juu ya ndizi zake. Wenzake wakapokea kilio. Kufika saa nane mchana boma la Momanyi lilikuwa limejaa watu, maturubai yamefungwa, na wanaume wanazungumzia mahali pa kuchimba. Momanyi mwenyewe alikuwa kambini mbali, anafanya mazoezi, na simu ya kumpata ilikuwa moja, ofisini kwa mkuu wa kambi. Alipatikana baada ya siku mbili. Alipozungumza, mama yake hakuamini mpaka alipomtajia jina la mbuzi wao.

Watu walicheka, wakala chakula cha matanga yasiyokuwa na maiti, wakaenda makwao. Ingeishia hapo. Lakini mwezi uliofuata Momanyi alikatika mshipa wa kisigino katikati ya mbio, na hakukimbia tena. Kicheko kikaisha. Sasa ikawa inasemwa kwamba Nyabuto alimlilia kijana akiwa hai, kwamba aliutia msiba kwenye wimbo kwa makusudi, kwamba alimwonea wivu. Neno omorogi, yaani mchawi, likaanza kutajwa karibu na jina lake. Mnajua kwetu neno hilo linavyoweza kummaliza mzee.

Walikuja studio asubuhi moja, wazee wanne wa Ekerenyo, na Nyabuto katikati yao. Hakuwa amefungwa lakini alitembea kama aliyefungwa. Mwalimu alikuwa amesafiri. Wazee waliniomba niwapigie wimbo, nikawapigia. Tulipofika kwenye kimya kile, Nyabuto aliinua mkono.

"Hiyo ni sauti ya Kerubo, msichana yangu," akasema. "Ni siku tulizika mama yake. Wewe ndio ulikuja kurekodi, na mimi sikurudi kuchukua kanda. Fundi, waambie."

Hapo ndipo nilipojua nilikuwa nimefuta nini. Nilimkumbuka Kerubo, binti wa miaka kama kumi na minane, akimlilia mama yake pembeni mwa maikrofoni yangu yenye soksi. Nilikuwa na mke mpya na mtoto njiani, na nilijua Mwalimu akisikia kwamba nilifuta msiba wa mtu bila kusikiliza angenifukuza. Na niliogopa kitu kingine pia, siwafichi: niliogopa kwamba mimi ndiye niliyeuweka msiba juu ya jina la mtu aliye hai, na neno lile lingehama kutoka kwake lije kwangu.

Mmoja wa wazee akaniuliza ile kanda ya msiba iko wapi.

"Ilichukuliwa," nikasema. "Mtu wa kwao aliichukua zamani. Sisi wimbo tunarekodi kwa kanda mpya. Mashine inashika kile kinaingia kwa maikrofoni, basi."

Nyabuto hakubishana. Aligeuka akatangulia kutoka, na wazee wakamfuata. Sijui kama mnaweza kuelewa jinsi nilivyojisikia. Nilijisikia nimepona. Niliketi nikanywa chai yangu, ndiyo aibu ninayoishi nayo zaidi ya ile ya kusema uongo.

Hawakumpiga wala kumchomea nyumba, namshukuru Mungu kwa hilo. Walimwambia tu kwamba Ekerenyo hawezi kulala tena kwa usalama. Mke alikuwa amekufa, na mtoto wake ni Kerubo peke yake, ambaye alikuwa amekwisha kuolewa Nyakoe. Akaenda kukaa huko. Kama nyinyi ni watu wa hapa mmeshtuka, na kama si wa hapa niwaeleze. Sisi tuna chinsoni, ile heshima yenye haya ndani yake inayotenga mtu na wakwe zake. Baba mzazi haingii chumba cha mkwewe, hali naye ovyo, haonwi akinawa. Mzee kuishi kwenye boma la mume wa binti yake ni kama kuvuliwa shati sokoni kila siku. Walimjengea kijumba nyuma ya migomba, mlango ukitazama upande mwingine, na hapo ndipo alipokaa miaka yote hiyo, akijikohoza kabla ya kutoka ili wakwe wapate kupisha. Obokano hakwenda nayo.

Momanyi mwenyewe alikuja dukani kwetu baada ya miaka kadhaa, akichechemea, analeta redio ya kutengeneza. Akaniambia kisigino kilikuwa kinamuuma tangu zamani na kocha alimkataza kukimbia, akakimbia kwa ubishi. Alisema amewaeleza watu wa kwao mara nyingi kwamba Nyabuto hana kosa, lakini wanamwona mpole tu. Aliniuliza kama mimi, kama fundi, ninajua sauti ile iliingiaje. Nikainamia redio yake nikamwambia kidhibiti cha sauti kimeharibika. Hata mwenye mguu alikuwa amesema ukweli wake. Nilibaki mimi.

Na wimbo, vijana, haukufa. Ulienea kwa sababu ya kile kilio. Redio ziliupiga, watu wakawa wanazuia pumzi kusubiri kilio na si jina. Mnaouiga leo mnawaweka wasichana studio walie, tena kwa zamu. Mwaka juzi nikaalikwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini, sherehe ya kuwatunuku wazee wa muziki. Nilivaa suti. Momanyi alisifiwa, marehemu Mwalimu akaombewa, kisha kijana mwenye maikrofoni akaniita jukwaani.

"Huyu mzee ni noma," akawaambia. "Mzee wetu, ile kilio mliiwekaje? Nani alifikiria hiyo kitu?"

Watu walikuwa wanapiga makofi. Nikasema nilifikiria mimi. Nilisema nilitaka wimbo uwe na kivuli. Hayo ndiyo maneno niliyotumia, kivuli, na sijui niliyatoa wapi. Makofi yakaongezeka.

Mwanamke mmoja wa makamo alisimama nyuma ya ukumbi. Hakukasirika, sauti yake ilikuwa ya kawaida. Aliuliza, "Fundi, na huyo anayelia ni nani?"

Nilimtambua kabla hajamaliza. Nikajibu kwamba ni mwimbaji tuliyemwita, jina nimelisahau. Kerubo akaketi. Nilipewa cheti chenye fremu ya kioo, na nilipofika nyumbani mke wangu alitaka kukitundika sebuleni. Nilimkataza mpaka akadhani naumwa. Mara ya kwanza nilidanganya kwa kuogopa, na mtu angeweza kunihurumia. Mara hii nilidanganya kwa kupenda makofi, tena nikiwa na mvi.

Nilikaa na aibu hiyo wiki tatu. Siku ya nne ya wiki ya nne nilipanda boda boda hadi Nyakoe, nikashuka barabarani, nikauliza nyumba ya Kerubo. Alikuwa anaanika mahindi. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Nilimwambia nimekuja kumwona omogaka, yaani mzee wake, kama yu hai. Akaniambia yu hai, lakini masikio yamekwisha, itabidi niongee kwa nguvu. Akaniongoza nyuma ya migomba.

Nyabuto alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya kijumba chake, amekonda, blanketi mabegani. Nilipiga magoti kwenye majani makavu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njiani, maneno ya taratibu, ya watu wawili. Nikasema ni mimi fundi, nimekuja kusema kwamba kanda ilikuwa ya msiba wa mke wako, niliifuta vibaya, nikadanganya.

Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sijasikia. Sema na nguvu."

Nikapandisha sauti. Nikasema tena yote, kanda, kilio cha Kerubo, wazee wanne, uongo wangu. Kuku wakatawanyika. Nikaona mkwewe, mume wa Kerubo, ametokea kwenye kona ya nyumba na kusimama mbali kama inavyompasa.

"Sijasikia," akasema Nyabuto. "Masikio yangu ni mzee. Sema."

Nikasimama ili pumzi zitoke. Nilipiga kelele, vijana. Nilipiga kelele kama mtu anayetangaza mbuzi aliyepotea. Nilisema jina langu na kazi yangu. Nilisema Nyabuto wa Ekerenyo hakumlilia Momanyi, hakumroga mtu, aliyelia ni binti yake akimlilia mama yake, na mimi ndiye niliyeacha kilio kile kwenye kanda kwa uvivu, na nikamwacha mzee afukuzwe kwao kwa ajili ya kazi yangu, na juzi nikapokea cheti. Wanawake waliokuwa wakichuma chai upande wa pili walisimama na vikapu mgongoni. Boda boda mbili zilizima injini barabarani. Nilipotua kupumua palikuwa kimya kabisa, na nikakijua kimya kile cha kabla ya jina.

Mpaka leo sina hakika kama hakunisikia mara ya kwanza. Nilimwangalia Kerubo, naye alikuwa anaangalia upande wa mahindi yake.

Nyabuto alitoa kiganja sikioni.

"Sasa nimesikia," akasema, kwa sauti ndogo ya mtu asiyekuwa kiziwi sana. Kisha akamgeukia binti yake. "Kerubo, leta viatu zangu. Na koti. Huyu ananipeleka nyumbani, atasema tena hivyo hivyo huko soko ya Ekerenyo."